Ngurumo ya Mmarekani

Baba yangu alifanya kazi ya reli mpaka walipomwambia inatosha, na kwa miaka mingi baada ya hapo sikumsikia akitamani kitu. Mama alipofariki alizidi kunyamaza. Tulibaki wawili Nyamasaria, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo enzi za mshahara, mimi nikiwa nimerudi kutoka kwenye ndoa iliyokwisha bila kelele. Mbele ya lango nilikuwa na kibanda changu cha kushona viti vya magari. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka matanga upande wa Luanda Kotieno na kuniambia kwamba ameona gari, niliuachilia mguu wa cherehani nikamsikiliza.

"Si gari hivi hivi," alisema. "Ni Mmarekani."

Nilijua alichokuwa akikumbuka. Alipokuwa kijana, kibarua tu pale stesheni ya Kisumu, kuna mhandisi wa kigeni aliyeletewa gari la Kimarekani kwa behewa la mizigo, na Baba alikuwa mmoja wa waliolishusha. Mhandisi alipoliwasha, mlio wake ulimwingia Baba kifuani akausikia mpaka magotini. Alitusimulia habari hiyo mara nyingi kuliko habari ya harusi yake.

Tulikwenda kuliona Jumamosi iliyofuata. Boma lenyewe lilikuwa chini ya barabara, karibu na maji, na njia ya kulifikia ilikuwa imeota nyasi katikati kama njia ambayo miguu imeisahau. Mwenye boma alikuwa mjane wa miaka kama hamsini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitutolea viti lakini hakututolea chai, na wakati ule niliona ni uchoyo.

Gari lilikuwa chini ya kipande cha mabati, pua yake ikitazama ziwa. Lilikuwa refu kupita kiasi. Boneti peke yake ilikuwa kama kitanda cha mtu mzima. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu kama benchi la kanisani, na kutu ilikuwa imelila kutoka chini kwenda juu. Baba alilizunguka akiligusa kwa vidole kama mtu anayepima ng'ombe.

Mjane hakutuficha kitu. Alituambia lilikuwa la marehemu mume wake, mfanyabiashara wa samaki, aliyelipata kwa daktari wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Baada ya kifo chake lilinunuliwa na mtu wa Mbita, akakaa nalo kwa muda mfupi, kisha akalirudisha.

"Alisema watoto wake walitapika njia nzima," mjane alisema. "Mke wake akaona giza. Hakutaka hata nimrudishie chochote. Aliliacha hapo, akaondoka kwa miguu."

Baba alimuuliza, kwa heshima, mume wake alifariki vipi.

"Alilala ndani yake akingoja feri. Hakuamka."

Aliyasema hayo akitazama maji. Kisha akataja bei, na ilikuwa bei ya mtu anayetaka kitu kiondoke machoni pake. Nilimvuta Baba pembeni, nikamwambia kwamba mimi sipendi. Alinijibu kwamba watu hufia vitandani kila siku na hakuna anayechoma kitanda. Tulikuwa tumekaa muda mrefu sana bila yeye kubishana nami juu ya lolote, na nilifurahi kubishana naye.

Siku ya kulichukua tulikodi lori. Wanaume wanne wa pale ufukweni walisaidia kulisukuma hadi kwenye mbao, na lilipokwisha kupanda niliwaona wakijifuta mikono kwenye nyasi, wote wanne, ingawa mikono yao haikuwa na mafuta. Mmoja alinisogelea akaniambia kwa Kijaluo, taratibu, kwamba marehemu alikufa midomo ikiwa myekundu, na kwamba chakula chake cha mwisho kilipikwa na huyo mama. Kisha akamwonyesha kwa kidevu. Mjane alikuwa amesimama mlangoni pake, amekunja mikono. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakututolea chai. Alikuwa amechoka kuona watu wakiiacha bila kuigusa.

*

Tulilitengeneza kwa vile tulivyovipata. Kuna mekanika mmoja aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a akiwa kijana, anayesema Kijaluo chenye lafudhi ya kwao, na yeye ndiye aliyekuja kila Jumapili baada ya ibada kufungua injini pamoja na Baba. Vipuri vya gari lile havikuwapo Kisumu wala Nairobi. Walivichonga. Pampu ya maji ilitoka kwenye trekta, taa za mbele kwenye lori lililopinduka Kisian, vioo vya pembeni kwenye basi. Baba alishinda chini ya boneti akiimba nyimbo za kanisani, na jioni alikula kama mtu aliyetoka shambani.

Rangi aliichagua mwenyewe: chini nyekundu iliyokolea, juu rangi ya maziwa, kama mabehewa ya abiria ya zamani. Ndani alifunga taa ndogo ya shaba iliyotoka kwenye behewa la daraja la kwanza, ambayo sikumuuliza aliipata vipi. Mimi nilikishona upya kile kiti kirefu kwa mabaki ya ngozi niliyokuwa nimeyaweka miaka mingi, na milango nikaivalisha ndani kwa kitambaa cha pazia alilolipenda Mama. Baba alipoliona pazia lile alikaa kwenye kiti akafunga mlango, akabaki humo. Nilimwacha.

Injini ilipowaka mara ya kwanza, mabati ya kibanda changu yalitetemeka. Majirani walitoka nje. Ulikuwa mlio wa chini, mzito, wenye kitu kama mkwaruzo ndani yake, ngurumo ya mvua iliyo ng'ambo ya ziwa. Baba alikuwa akicheka peke yake. Mekanika, ambaye alikuwa amelala chini akisikiliza, aliinuka akipangusa magoti.

"Mzee, huu mlio si wa injini peke yake," alisema. "Bomba la moshi limechoka huko chini. Tulitoe lote, tuweke lingine."

Baba hakutaka. Alisema bomba lingine litaligeuza liwe kama gari la kila mtu, na kwamba ule mlio ndio Mmarekani mwenyewe. Tena fedha zilikuwa zimekwisha, na bado kulikuwa na breki. Mekanika alitikisa kichwa, akasema basi litangoja. Hakuna aliyefikiria zaidi. Breki ni breki.

Vivyo hivyo na sakafu. Mahali pa kukanyaga palichomelewa bati jipya. Chini ya kile kiti kirefu, ambako hakuna jicho linalofika, tuliacha kama palivyokuwa.

Mara za kwanza tulizotoka nalo, vumbi liliingia kila upande, tukafika tuendako tumepakwa kama watu wa kinu cha unga. Hilo lilikuwa jukumu langu. Nilikata mipira ya milango kwenye basi bovu, nikaikaza kwa gundi na misumari midogo. Nikatandika sakafuni tyubu za lori zilizopasuliwa, juu yake magunia, juu yake zulia. Kila tundu nililoliona nililiziba. Nilipomaliza, ukifunga milango na kupandisha vioo, ulisikia pumzi zako mwenyewe. Mwenye matatu mmoja alikaa ndani akaniambia hajawahi kuona gari la zamani lililotulia hivyo, na sifa hiyo niliibeba wiki nzima.

Ni baada ya hapo ndipo Baba alipoanza kuumwa kichwa.

Mwanzoni ilikuwa jioni tu, akitoka kulisikiliza. Kwa kuwa stata ilikuwa dhaifu na aliogopa kwamba likizimwa haliwaki tena, alikuwa akiliacha lingurume uani huku amekaa ndani, milango imefungwa na vioo vimepandishwa mbu wasiingie. Siku moja alitoka akashika ukuta. Siku nyingine aliniuliza kama treni ya saa nne imepita. Jumapili moja aliniita kwa jina la Mama, akaniagiza nimletee maji, na aliponitazama usoni na kuona kwamba ni mimi, niliona woga machoni mwake ambao sikuwahi kuuona.

Nilimpeleka hospitali. Walimpima presha, wakampima sukari, wakasema kwa umri wake si mbaya, wakatupa vidonge. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba uzee umefika. Nilianza kumwangalia jinsi unavyomwangalia mtoto karibu na moto. Ajabu ni kwamba asubuhi, baada ya kulala, alikuwa mzima kabisa, akili kama wembe.

Kisha tukampakia shangazi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Kisian. Ilikuwa mvua, vioo vimepandishwa. Kabla hatujafika mjini alikuwa ameinama anatapika kwenye leso yake, na aliposhuka alikaa kwenye ukingo wa barabara akakataa kurudi ndani.

"Hili gari lina mwenyewe," alimwambia Baba. "Na hajashuka."

Baba alimwambia asitutishe. Shangazi alimjibu kwamba hatishi mtu, anasema anachokihisi shingoni. Alisema lipelekewe mchungaji, au lirudishwe lilikotoka. Alipanda bodaboda katika mvua ileile, akiwa na miaka yake yote, akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama nikiwakumbuka watoto wa yule mtu wa Mbita. Nilikuwa nimesoma, niliamini kwamba chira, ile laana ya kuvunja miiko, ni maneno ya wazee. Lakini siku hizo, kila nilipolipita gari uani kwenda kufungua lango, nililipita kwa mbali kidogo.

*

Mwezi huohuo alifariki mtu aliyefanya kazi na Baba relini, na mazishi yakawa ng'ambo, Mbita. Nilimwomba tuende kwa basi. Alisema rafiki yake alimsikia akizungumzia gari la Kimarekani kwa miaka arobaini, na angependa walau jeneza lake lilisikie. Nilishindwa kumkatalia. Nilikaa kando yake upande wa kulia, nikiwa macho yake, kwa kuwa kwa usukani ule wa kushoto yeye hakuweza kuona kama barabara iko wazi ya kuyapita malori. Tulikwenda vioo vikiwa wazi, jua likiwaka, na kichwa hakikumuuma hata kidogo. Nilianza kufikiri kwamba mambo yamepita.

Luanda Kotieno tulikuta foleni. Feri ilikuwa imechelewa ng'ambo. Baba alisimamisha gari nyuma ya lori la magogo, akavuta breki ya mkono, akaliacha likinguruma kwa sababu ya ile stata. Wanawake walikuwa wakianika omena kwenye nyavu. Palikuwa na harufu ya samaki na dizeli. Nikaona, mbali juu ya maji, kitu kama moshi wa nyasi kikiinuka, cheusi, kikipinda.

Ni wadudu wa ziwa. Kila mtu wa huku anawajua: vijidudu vidogo visivyouma, ambavyo hutoka majini kwa mamilioni na kuja na upepo kama wingu, vikaingia puani, masikioni, kwenye chai. Wanawake walijifunika leso. Baba alipandisha kioo chake, nami nikapandisha changu. Walipotufikia, kioo cha mbele kilikuwa kijivu. Ndani palikuwa shwari. Mipira yangu ya milango haikuruhusu hata mmoja kupita, na nakumbuka nikimwambia Baba hivyo.

Kilichofuata nakikumbuka kama kitu nilichokitazama kupitia pazia. Kichwa kilinibana, kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Masikio yakaanza kulia. Nilifikiri, ingefaa Baba azime injini, lakini wazo lenyewe lilikuwa ng'ambo na mimi niko huku, na sikuona haja ya kulifuata. Nikamgeukia. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo chake, macho yamefumba. Midomo yake ilikuwa myekundu, myekundu ya kupendeza, na mashavu pia yalikuwa na rangi. Nikaona jinsi alivyo kijana. Nilimwona kama alivyokuwa kwenye picha ya harusi, na nikafurahi. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Sikuogopa. Nilifurahi.

Mtu aligonga kioo changu. Alikuwa mama mwenye sinia la njugu, kajifunika leso hadi puani. Nilitaka kumwambia kwamba hatununui, lakini mdomo haukufunguka, na mkono nilioutuma kwenye kishikio cha kioo haukwenda. Aligonga tena. Akaweka uso wake kwenye kioo, akanitazama, kisha akamtazama Baba. Sinia likaanguka. Akafungua mlango, nami nikamwangukia miguuni, juu ya njugu zake.

Watu walimtoa Baba kwa upande wa pili, wakamlaza mchangani. Nilikuwa natapika, na kati ya kutapika nilisikia mtu akisema apepewe na mwingine akisema hapumui. Alikuwa akipumua, kidogo. Yule mama wa njugu alinishika mabega ili nisianguke tena.

"Huyu ni wa pili," aliniambia sikioni. "Yule wa kwanza nilimpita mara mbili. Nilidhani amelala tu. Leo nimesema nitafungua hata kama nitatukanwa."

Nilimuuliza amejuaje kwamba ni gari lile, maana rangi yote ilikuwa mpya.

"Kwa mlio," alisema. "Mlio huu mimi siusahau."

Gari lilikuwa bado linanguruma. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuingia ndani kulizima. Wadudu walikuwa wakiingia kwa milango iliyo wazi wakilijaza. Mwishowe ni yeye aliyejizungushia leso usoni, akaingiza mkono, akauzungusha ufunguo.

*

Kwenye zahanati walimwekea Baba hewa ya mtungi. Daktari wa pale, binti mdogo kwa umri kuliko mimi, alimtazama midomo, akaniuliza kama kichwa kilimuuma siku za nyuma na kama kilipoa akiwa nje. Kisha akanieleza. Moshi wa gari una sumu ambayo haina rangi wala harufu. Ukiuvuta unashika damu mahali pa hewa, na mtu hulala usingizi mtamu huku damu yake ikiwa nyekundu kuliko ya aliye hai. Ndiyo maana midomo huwa hivyo, alisema.

Nilimwomba arudie lile la midomo.

Baba aliamka siku iliyofuata. Tulirudi naye nyumbani, na kwa ujumla alirudi mzima, isipokuwa mkono wa kulia hutetemeka akishika kikombe. Zamani aliweza kukutajia stesheni zote kutoka Kisumu hadi Nakuru kwa mpangilio. Sasa kuna mbili au tatu anaziruka, na anajua kwamba ameziruka, lakini hazipati.

Mekanika alilivuta gari hadi Nyamasaria, akaliinua. Aliniita nikalala chini kando yake. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka karibu na kiti cha dereva, na juu ya mpasuko huo mtu fulani, zamani, alikuwa amefunga kipande cha kopo la mafuta ya kupikia kwa waya. Kopo lilikuwa limeoza, ungeweza kulitoboa kwa kidole. Juu yake moja kwa moja, chini ya kile kiti kirefu, palikuwa na matundu ya kutu tuliyoyaacha. Moshi ulikuwa ukipanda humo, ukipita kwenye magunia na zulia langu kama maji kwenye kitambaa. Enzi za marehemu mipira ya milango ilikuwa bado mizima; ilipooza, upepo uliutoa. Mimi nilipoiziba milango, ukakosa pa kutokea. Niling'oa zulia lote kwa mikono yangu siku ileile. Mekanika alikata waya, akanipa lile kopo kama ushahidi wa kazi mbovu, nami nikalitia mfukoni.

Niliporudi Luanda Kotieno nilikwenda kwa basi, peke yangu. Mjane alinikuta langoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: moshi, usingizi, midomo. Nikamwambia kwamba chakula chake hakikumuua mtu. Alinisikiliza bila kulia. Aliniomba nirudie tangu mwanzo, nikarudia. Kisha akaingia ndani, akavaa viatu vya kanisani.

"Twende kwa shemeji," alisema. "Umwambie yeye kama ulivyoniambia mimi."

Njiani ndipo alipoeleza kilichobaki. Baada ya mazishi, kaka mkubwa wa marehemu ndiye aliyesema mbele ya ukoo kwamba ndugu yake amelishwa sumu na mkewe. Hawakumpeleka polisi. Walifanya jambo lingine. Waliwachukua watoto wake wawili wakalelewe kwa huyo shemeji, na watoto wakakatazwa kula chochote kinachotoka kwake. Mkubwa, mvulana, alishaondoka kwenda kutafuta kazi. Msichana bado alikuwapo. Wakikutana sokoni humsalimia mama yake vizuri, kwa heshima, lakini akipewa hata ndizi huiweka kwenye mfuko na haonekani akiila.

Shemeji alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzito, mpole. Alituweka kivulini mwa nyumba, akaagiza viti. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Niliona kwamba haniamini, na kwamba adabu tu ndiyo iliyomzuia kusema. Aliuliza kama kuna mtu aliyeliona hilo bomba kwa macho. Nilisema mimi nililiona, nikalitoa lile kopo.

Alilipokea. Aliligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili. Palikuwa bado na kipande cha waya kilichosokotwa ncha mara mbili kisha kikakunjwa ndani, kisimchome mtu. Alikipapasa hicho kipande kwa kidole gumba kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani amenisahau.

"Hii waya niliikaza mimi," alisema.

Alieleza, akilitazama kopo, kwamba ndugu yake alimjia akasema gari linapiga kelele, naye akamwambia hakuna haja ya kulipa fundi kwa kazi ndogo kama hiyo. Walilala chini ya gari wote wawili, pale uani, wakicheka. Alisema ni yeye aliyetoa kopo jikoni kwake.

Mjane hakupaza sauti. Alisema, "Watoto wangu hawajala kwangu tangu walipokuwa wadogo." Alingoja. Shemeji hakuinua kichwa. Basi aliinuka, akaenda kwenye mlango wa jikoni, ambako msichana alikuwa amesimama na mwiko mkononi akiwa amesikia kila kitu. Mama alinyoosha mkono. Msichana alimtazama kwanza baba yake mkubwa, kupata ruhusa.

"Nenda," shemeji alisema.

Walinitangulia njiani, mama na binti, hawakushikana mikono. Mama wa njugu, ambaye sasa hunipigia simu mara kwa mara, ameniambia kwamba msichana yuko kwa mama yake mpaka leo, wanaelewana, lakini anayepika ni yeye msichana. Mama akishika sufuria, binti hushiba ghafla. Mama hamlaumu. Anasema kilichoingizwa kwa miaka hakitoki kwa siku.

Baba alilifunga gari bomba jipya na sakafu nzima. Mlio umepungua, na yeye mwenyewe anakubali kwamba limekuwa gari la kawaida, ila refu. Tunakwenda nalo kanisani na sokoni.

Juzi, mchana, bodaboda ilimshusha mtu langoni. Alikuwa yule shemeji, amekonda, kavaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Baba alikuwa amelala. Nilimkaribisha chai, akaipokea, hakuinywa. Aliniuliza kama ndugu yake alihisi maumivu. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilihisi kichwa kidogo, kisha furaha. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia jibu gumu zaidi na kukosa la kufanya na hili jepesi. Kisha akauliza kama anaweza kukaa ndani ya gari, upande wa dereva, kidogo tu.

Nilimtazama macho. Hayakuwa na machozi, wala hayakuwa na kitu kingine. Nilisema anaweza. Niliingia mimi kwanza, nikachomoa ufunguo, nikautia kwenye mfuko wa aproni yangu, ndipo nikamfungulia mlango. Alikaa. Akafunga mlango, akapandisha kioo hadi juu, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Nilirudi kwenye cherehani, nikakigeuza kiti changu ili nimwone, na nikashona nikimtazama mpaka alipotoka.